Mnyama mmoja, siku moja: kuwaendea wanyama wa Unguja na Pemba mkiwa kundi la marafiki

Kila skuli zikikaribia kufungwa napata simu za namna moja. "Mwalimu, tuko watu kumi, tunataka kwenda kuona wanyama. Tuanzie wapi?" Wengi wao wameshapiga hesabu ya Mikumi: boti mpaka Dar, gari mpaka Morogoro na kuendelea, pahala pa kulala, viingilio, gari la kuzungukia mbugani. Hesabu ikawashinda, au ikawagawa kundi. Nawaambia simba na tembo wa bara wapo, na Mungu akijaalia mtawafuata. Lakini msitu wa Jozani uko kama kilomita 35 tu kutoka mjini, na ndani yake yumo kima punju, ambaye ukitoka nje ya Zanzibar humpati porini pahala popote duniani. Mtu amezaliwa Mwembeladu, amesoma, ameoa, ana watoto, na hajapata kukaa hata nusu saa chini ya mti akamtazama mnyama huyu anavyokula. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi nasomesha sayansi. Baba yangu mtu wa Kusini Unguja, mama yangu mtu wa Konde, Pemba, kwa hiyo visiwa vyote viwili nina watu wa kuwauliza njia. Nimepeleka wanafunzi, nimepeleka mashoga zangu, nimepeleka hata wageni wa harusi waliobakiwa na siku za kukaa. Shauri langu ni moja, na yote yanayofuata yamesimama juu yake: chagueni mnyama mmoja, mpeni siku yake, na mwendeeni kwa saa yake, si kwa saa yenu.

Ziara zinazouziwa makundi hufanya kinyume. Alfajiri mnakimbizwa Kizimkazi kufuata pomboo, saa sita mnashushwa Jozani, saa nane mnakula ufukweni, magharibi mnapiga picha jua likizama. Mnafika Jozani wakati kima wameshiba, wamejilaza matawini, na mnachokiona ni mikia inayoning'inia. Mnarudi nyumbani na orodha ya wanyama "mliowaona", na hakuna hata mmoja ambaye mnaweza kusimulia alikuwa akifanya nini.

Kundi lenyewe

Mimi sizidishi watu sita. Njia ya msituni ni nyembamba, mnakwenda mtu nyuma ya mtu, na wa saba hamsikii tena mwongozaji. Asiyesikia huuliza, akiuliza hupaza sauti, na akipaza sauti paa ameshakwenda zake. Mkiwa kumi na wawili gawanyikeni makundi mawili, kila moja na mwongozaji wake, mkutane kwenye chakula. Sita wanaenea kwenye Noah moja na mizigo yao. Mkitaka kubana matumizi, gari za abiria za Makunduchi, namba 310, na za Jambiani, namba 309, zinapita barabara ya Jozani. Mwambieni utingo mapema awashushe getini.

Chagueni mshika fedha mmoja, na kila mtu atoe mchango wake kabla ya siku ya safari. Nimeona urafiki wa miaka ukiingia nyongo kwa sababu ya nauli ya boti iliyodaiwa juu ya maji. Kila mmoja achukue kitambulisho chake cha Mzanzibari mkazi au cha taifa, kwa kuwa kiingilio cha mwenyeji ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na mtu wa dirishani hawezi kukukisia kwa sura.

Kabla ya kuondoka kaeni mkubaliane mambo matatu. Simu zote zinyamazishwe, pamoja na ule mlio wa kupiga picha. Apige video mtu mmoja tu, kisha awagawie wenzake usiku; wengine watumie macho yao. Na mwenye mafua siku hiyo apumzike nyumbani, au avae barakoa na akae nyuma. Kima na binadamu huambukizana maradhi ya kifua, na kikohozi kinachokulaza wewe siku mbili kinaweza kuwa balaa kwa kundi zima la wanyama ambao hawana daktari.

Mavazi: raba, si ndara, kwa sababu Jozani kuna siafu na Ngezi kuna tope. Rangi ziwe za kutulia. Kwa sisi wanawake, baibui pana hunasa miibani. Vaa suruali chini na dera fupi au koti juu, na mtandio ulioufunga vizuri. Udi na manukato viacheni vikungojeeni nyumbani. Paa anakunusa kabla hujajua kama yupo.

Kima punju, Jozani

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee Unguja. Fikeni mapema, mara wanapofungua, au mwendeeni kuanzia saa tisa unusu alasiri. Huo ndio wakati kima wanaposhuka kula. Wengi wa wale waliozoea watu hawamo msitu mkubwa. Wako ng'ambo ya barabara, upande wa mashamba, kwenye mikungu na miembe. Msishangae mwongozaji akiwavusha lami badala ya kuwaingiza ndani ya msitu.

Mkiwafikia, simameni. Usimfuate kima. Chagueni mti mmoja wenye kundi, mkae kitako chini, pembeni kidogo, mnyamaze. Dakika kumi za mwanzo watu wanachoka, wanatazamana, mmoja anataka kuondoka. Mzuieni. Kuanzia dakika ya kumi na tano hivi ndipo kima wanapowasahau, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Mtazameni mmoja tu, mama mwenye mtoto ikiwezekana. Mgongo una wekundu unaoingia weusi, kifua na tumbo ni vyeupe, uso mweusi una alama ya waridi puani na midomoni, na kichwani nywele ndefu nyeupe zilizosimama huku na huku. Tazameni mkono anapovuta tawi. Hana dole gumba. Vidole vinne vinafanya ndoana, tawi linakuja, mdomo unachuma jani changa, na kikonyo kinaangushwa. Sikilizeni vikonyo vinavyodondoka juu ya majani makavu. Mara nyingine utasikia kundi kwa vikonyo hivyo kabla ya kuliona.

Hapo ndipo ninapowaeleza ninaowapeleka kwa nini ni marufuku kumrushia ndizi. Tumbo la kima punju limegawanyika vyumba vinne, na ndani yake kuna vijidudu vinavyochachua majani mpaka yawe chakula. Tunda bivu lenye sukari huliharibu tumbo hilo. Ndiyo maana anakula majani machanga, maua, na matunda mabichi ambayo wewe ungeyatema. Ukimpa ndizi unamdhuru, na unamfundisha kusogelea watu na barabara. Barabara hiyo imewaua wengi. Matuta mnayoyalalamikia mkipita Jozani kwenda Paje yamewekwa kwa ajili yao, basi mwambieni dereva apunguze mwendo kwa moyo mkunjufu.

Mkiwa na bahati mtaona jambo ambalo halionekani pahala pengi: kima anakula makaa. Huyachukua penye matanuri ya makaa au kwenye gogo lililoungua, akakaa nayo juu ya mti akiyatafuna huku mdomo umekuwa mweusi. Majani ya mkungu na ya mwembe yana lishe nzuri lakini yana kemikali zinazochafua tumbo, na makaa hunyonya kemikali hizo. Watoto huiga kwa mama zao. Mara ya kwanza nilipolishuhudia hili, mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani, alinishika mkono akaninong'oneza, "Bi Mwalimu, usinyanyuke, anakula dawa." Tulikaa pale mpaka kima alipomaliza kipande chake, akajifutia mkono kwenye gome la mti na kumgeukia mwanawe.

Kwa hesabu iliyotangazwa 2017, kima punju ni zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa zamani. Furahini kwa hilo, lakini kumbukeni karibu wote hao wanaishi juu ya kisiwa kimoja ambacho watu na nyumba vinaongezeka kila mwaka. 

Baada ya kima, msiharakishe kuondoka. Ingieni msitu mkubwa polepole. Kima wa kawaida, yule wa kijivu na mweusi, hupita pamoja na kima punju. Chini kwenye majani makavu tazameni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Mara nyingi unamsikia akichakura kabla ya kumwona. Paa nunga, mwenye baka jeupe linalokata matakoni, ni wa kumwomba Mungu. Akitokea ni kwa nukta chache, na aliye mbele asigeuke kuwaita wenzake. Anyanyue mkono tu, wote wasimame.

Halafu kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko upande wa Pete. Hapa tazameni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwezi mwandamo, bahari hukupwa mwendo wa saa nne asubuhi na kujaa mwendo wa saa kumi alasiri. Maji yakikupwa mtaona kaa wamejaa topeni na mizizi ya mchu ya kupumulia imechomoza juu; maji yakijaa mtaona samaki wadogo wakipenya katikati ya magongo ya mikoko. Mimi napenda yakikupwa. Kina mama wa pwani wanaokwenda kutafuta pweza na chaza wanayajua maji kuliko kalenda yoyote. Kama una shangazi Bwejuu au Chwaka, mpigie simu umuulize maji ya siku hiyo.

Chui, kwa kuwa ataulizwa

Katika kila kundi kuna mtu atakayeuliza chui. Msiahidiane chui. Chui wa Unguja, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo madogo, alisakwa sana baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu wengi waliamini, na wapo wanaoamini mpaka leo, kwamba wachawi wanamfuga na kumtuma kudhuru watu. Mwaka 2018 ilitolewa picha ya video iliyodaiwa kuwa yake, wataalamu wakabishana. Makumbusho yamehifadhi chui mmoja aliyekaushwa. Wazee wa vijiji vya Kusini wana habari zake nyingi, na kama mwenyeji wenu ni mtu mzima, mkaribisheni chai, mkae mumsikilize bila ya kumkatiza. Kwangu mimi hiyo nayo ni sehemu ya safari.

Pomboo, Kizimkazi

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana nimeona yanayofanyika. Asubuhi moja nzuri boti nyingi hulizunguka kundi dogo la pomboo, mashine zikinguruma, watu wakirushwa majini mbele ya pua za wanyama, wakipandishwa tena, wakikimbizwa mbele, wakirushwa tena. Uchunguzi uliofanywa Kizimkazi ulionyesha kwamba pomboo wanaosumbuliwa namna hii hupunguza kupumzika. Mama anayenyonyesha anahitaji kupumzika, kama mama yeyote.

Si lazima iwe hivyo. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa hapa waliwindwa wakafanywa chambo cha papa. Leo mji mzima unakula kwa sababu wapo hai. Wavuvi wale wale waliobadilika mara moja wanaweza kubadilika tena, endapo wateja wataomba kitu kingine. Na wateja ndio nyinyi.

Kwa hiyo msikodi boti kwa dalali wa mjini. Nendeni Kizimkazi jioni ya siku iliyotangulia, mzungumze na nahodha mwenyewe ana kwa ana, na maneno yawe wazi: "Nahodha, sisi hatutaki kuogelea nao. Tukiwaona, tukae mbali, uzime mashine, tungoje." Wengine watakwambia haiwezekani, wateja hawataki hivyo. Waage kwa heshima umtafute mwingine. Nahodha ninayemtumia mimi ni mtu mzima, alinijibu kwa upole, "Mkingoja, binti yangu, watakuja wenyewe. Wanapenda kujua kama sisi." Siku ile alizima mashine mbali na boti nyingine, tukaelea. Baadaye kidogo tukasikia pumzi, pfuu, upande wa kushoto, kabla ya kuona chochote, kisha mgongo wa kijivu ukapasua maji bila ya kishindo, na mwengine mdogo ubavuni kwake. Walipita chini ya boti yetu. Hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa tulikuwa tumeshakubaliana.

Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mara baada ya swala na chai. Mkifika saa mbili mmeshachelewa: boti zimejaa. Ijumaa ina utulivu wake kwa sababu wenyeji wengi huwahi kurudi kwa ajili ya swala, ila mpangeni mapema na nahodha. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni mpaka Agosti, bahari ya huko huchafuka; mwenye roho nyepesi atafune tangawizi na akae katikati ya boti. Lakini kuanzia Julai mpaka mwezi wa Septemba au Oktoba ndipo nyangumi wanapopita pwani yetu, na kuna siku nahodha atakuonyesha mvuke wa pumzi zao kwa mbali. Hapo pia hakufuatwi mtu. Mnasimama mnatazama.

Na kama muda unaruhusu, mkitoka baharini piteni Dimbani kwenye msikiti wa kale wenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu wakitoka kuona wanyama wa bahari ile, inawapendeza kujua pwani hiyo imekaliwa na watu kwa muda gani.

Kobe na kasa, kwa ufupi

Mkiwa na watoto wadogo au mzee asiyeweza kutembea, boti ya kwenda kisiwa cha Changuu inatosha. Kobe wakubwa wa pale si wa kwetu kwa asili. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Wapeni majani wanayoruhusu wahudumu, shikeni shingo zao polepole, na mtoto asipande mgongoni. Ama kasa, sipendi mabwawa ya kuogelea nao. Mafuta ya ngozi, mikono ya watu mchana kutwa, na mwani wa kulishwa kwa ajili ya picha, hapana. Kasa wa kumwona ni yule aliyekuja mwenyewe. Kama mnalala pwani ambako hutagia, muulizeni mwenyeji, na usiku zimeni taa za upande wa bahari, kwa maana mtoto wa kasa akitoka mchangani hufuata mwanga, na taa ya baraza yako humpeleka barabarani.

Komba, nyuma ya nyumba

Huyu hahitaji tiketi. Mtu yeyote mwenye ndugu shamba, kwenye miembe na minazi, anaye komba. Baada ya isha kaeni uwanjani, funikeni tochi kwa kitambaa chekundu, na ishikeni karibu na jicho lenu mkimulika vilele vya miti taratibu. Macho mawili yatawaka kama makaa, yatazimika, yatawaka tawi la pili. Sauti yake, ile ya mtoto anayelia, ndiyo iliyowatisha wengi wetu tulipokuwa wadogo, na ni vizuri watoto wamwone mwenye sauti hiyo. Mwangaza mweupe msimmulike muda mrefu, macho yake yameumbiwa giza.

Popo wa Pemba, Kidike

Sasa tunavuka. Boti za Pemba hushusha Mkoani au Wete, na ndege ndogo hutua Chake. Mkitumia boti, mkondo unawangoja katikati ya bahari. Kuleni kitu chepesi, boflo na chai ya rangi, na msilale chini kwenye joto la mashine.

Kidike iko baina ya Chake na Wete, na popo wanaoishi pale hawapatikani porini kisiwa kingine chochote nje ya Pemba na visiwa vyake. Wakitandaza mabawa hufikia kama mita 1.6. Uso ni wa mbweha, manyoya yana rangi ya kutu, na macho ni makubwa kwa sababu anatafuta chakula kwa kuona na kunusa. Kuna watu watakaotaja popobawa, yule shetani wa usiku wa masimulizi. Waambieni kwa upole kwamba huyu anakula matunda na maua, na kwamba miti mingi ya msitu imepandwa na yeye kwa mbegu anazoziangusha akiruka.

Kisa cha Kidike ndicho ninachopenda kuwasomesha wanafunzi wangu. Popo hawa walikuwa kitoweo. Waliwindwa huku misitu ikikatwa, mpaka walipokaribia kutoweka. Miaka ya 1990 wanakijiji, wakisaidiwa na wahifadhi, waliunda vikundi vya kuwalinda, na hesabu za baadaye zikapita 20,000 kisiwa kizima. Mkilipa kiingilio pale, mnalipa kijiji kilichoacha nyama kwa hiari yake. Lipeni bila ya kuomba punguzo.

Swalini alasiri Chake, mfike Kidike saa kumi na nusu. Mwongozaji ni mtu wa kijiji; mfuateni, msikate njia, kuna makaburi na vipando. Mtasikia kelele kwanza, halafu harufu, halafu mtainua vichwa muone miti imejaa. Tena nasema, kaeni. Mchukueni mmoja kwa darubini. Kukiwa na joto atajipepea kwa bawa moja huku amejifunika la pili. Mama amemkumbatia mtoto ndani ya ngozi ya mabawa yake, kichwa cha mtoto kimejitokeza chini ya kwapa. Wawili watagombea tawi, watapigana makofi, watanyamaza. Msipige makofi ya kuwarusha ili mpate picha. Popo anayerushwa mchana huchoka, na mtoto anaweza kuanguka. Mwongozaji akijitolea kuwarusha, mkatazeni kwa adabu: "Waache tu kaka, tutawangoja."

Wangojeni kweli. Giza linapoanza kuingia wanaanza kutoka, mmoja, wawili, kisha mstari usiokatika, kila mmoja anaelekea kwenye mashelisheli na miembe aijuayo. Wengine wasali magharibi kwa zamu, mradi mzigo na watoto wana mtu wa kuwaangalia.

Bundi wa Ngezi

Nimemwacha wa mwisho kwa kuwa ndiye mgumu kwa marafiki. Waswahili hatumpendi bundi. Akilia juu ya paa, watu wanasoma dua na kungoja habari ya msiba. Sasa Pemba ina bundi wake, mdogo wa shibiri moja hivi, rangi ya hudhurungi, asiyeishi kwengine duniani, na watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumsikiliza. Msimlazimishe anayeogopa. Rafiki yangu mmoja wa Fuoni alibaki garini akisoma Ayatul Kursiy, na urafiki wetu haukupungua kitu. Kuna kima punju wachache pia huko, waliopelekwa kutoka Unguja miaka ya 1970, na tumbili, ambao Unguja hatunao.

Msitu wa Ngezi uko juu ya Konde, njiani kuelekea Vumawimbi. Fikeni ofisini kabla ya saa kumi jioni, mwombe matembezi ya usiku na mwongozaji wa msitu, kwani bila yeye hamruhusiwi, na hamtampata ndege. Mchana tembeeni muone mpapindi, mnazi wa porini wenye shina la pete pete ambao ni wa Pemba, na mtafute ndege wawili, ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, nao ni wa hapa hapa. Epukeni masika, Machi mpaka Mei. Njia hugeuka dimbwi.

Baada ya magharibi mtaingia tena. Tochi zote zimezimwa isipokuwa ya mwongozaji. Bundi wa Pemba hutoa sauti moja fupi, ananyamaza, anatoa tena moja, na mara nyingi mwenziwe anamjibu kutoka upande wa pili wa njia. Msiongee mkimsikia, hata kunong'ona. Mwongozaji atahesabu baina ya sauti, atasogea hatua kadhaa, atasikiliza, atasogea tena. Mkifika chini ya mti atamulika mara moja tu, nusu dakika, mtamwona amekaa karibu na shina, macho ya manjano, hajali. Kisha tochi izimwe na mrudi. Msiombe amulikwe tena.

Jambo la mwisho ni la gari. Usiku huo gari za abiria za Konde zimeshalala, kwa hiyo kodini gari la kwenda na kurudi, mkubaliane na dereva kwamba atangoja, na mumpe chakula chake kwenye hesabu ya kundi. Laleni Konde kama mna mwenyeji, au Wete kama hamna. Asubuhi mkiondoka, mpeni mwongozaji bahashishi yake mkononi mwake, kando na ada ya ofisi, na mmuulize kama ofisi ina kitabu cha wageni: andikeni mlichokiona, saa, na pahala. Maandishi hayo huwasaidia wao kujua ndege yuko wapi.